Meno Ishirini na Mawili

Fremu niliipata Maweni, nyuma ya banda la mbuzi,
imeegemea ukuta kama mdeni aliyechoka kujificha.
Bwanaadi alitaka mia nane.
Nikampa mia nane na kilo mbili za sukari
kwa sababu hakuniuliza ya nini.

Wengine wote huuliza.

Nyumbani nikaifuta kwa mafuta ya taa na kipande cha leso kuukuu,
polepole, pale tandiko linapoingia,
maana chumvi ya Malindi hula chuma kama panya,
huuma ikipuliza.
Nambari ikajitokeza. Nne. Saba. Kisha tarakimu iliyolika.
Nikaiwekea karatasi, nikasugua kwa penseli,
nikaitoa juani nikaitazama kwa upande.
Asubuhi ilikuwa tatu.
Jioni ilikuwa nane.

Usidhani ni wazimu. Au dhani,
lakini kwanza hesabu nami gurudumu la meno:
ishirini na mawili, mapana,
inchi nzima toka jino hadi jino.
Minyororo ya siku hizi ni ya nusu inchi;
ukiuvisha hapa hupanda, huteleza,
kama mgeni anayejua salamu tu.
Kwa mwanya huo naujua umri wa chuma hiki
kuliko ninavyoujua wa marehemu nyanya,
aliyezaliwa "mwaka wa nzige", basi.

"Pedali ya kushoto, mama, hufunguliwa kinyume,"
aliniambia fundi Dzombo wa Kisumu Ndogo
baada ya kuniacha nusu saa nikipigana na spana.
Nusu saa! Alikuwa anamaliza chai yake.

Taa ya kabaidi nimeiona Shela
kwa Bi Rukiya binti Shekuwe. Kioo hakipo.
Ndani yake hufukiza udi kila usiku wa Ijumaa,
na chini ya udi, ukiinusa kwa makini,
bado iko harufu ile ya kitunguu saumu,
au mimi ndiye ninayetaka iwepo.

Rimu ya nyuma iko Ganda, juu ya kisima cha kina Nyevu,
haina hata spoki moja, inazunguka na kamba ya usumba,
inalia kila ndoo ipandapo.
Nikapima kipenyo. Nikatia grisi. Nikataja bei.
Mama yake Nyevu hakuacha kuvuta.
"Nikikupa hiki, maji utakuja kunivutia wewe?"
Nikaongeza bei.
Akaongeza ndoo.

Na kengele, ambayo niliitafuta miaka sita,
iko Mambrui, kwenye chuo cha Maalim Shebwana,
imefungwa kwa waya kwenye mhimili wa mlango.
Kidole gumba kimoja, kring,
na watoto arobaini wanamwagika uani, viatu mkononi.
Nilikuwa na spana mfukoni. Noti nilikuwa nazo pia.
Kijana mmoja, kitumbua shavuni,
akaniuliza kama nimekuja kuitengeneza.

Nikasema ndiyo.

Nikaifungua. Springi ilikuwa imejaa vumbi
na mguu wa mende. Nikasafisha,
nikatia tone la mafuta ya cherehani,
nikaifunga pale pale, kwa waya ule ule.

Sasa daftari langu lina safu ambayo haikuwepo:
fremu, kwangu, imetundikwa ukutani.
Taa, Shela, inafuka.
Rimu, Ganda, inateka maji.
Kengele, Mambrui, kuanzia saa nane hadi alasiri.
Tandiko, Mungu ajuaye.

Watu hupita sebuleni, huitazama fremu,
huuliza baiskeli yenyewe iko wapi.
Huwaambia imetoka kidogo.

Leo kuna mawingu.
Ile tarakimu inafanana na sita.